Asilimia Tano ya Kichwa Changu

"Ndiyo, ofisa. Anaitwa Loice Nakhisa. Miaka mitatu anaandika sifuri! Pesa zote zinaingia kwa jina lake na hatangazi hata shilingi..."

Loice Nakhisa ni mimi.

Na hiyo sauti... jamani! Hiyo sauti ni ya Moreen. Rafiki yangu wa miaka sita. Mwanamke aliyenishikia shela siku ya harusi yangu!

Ngojeni niwaeleze vizuri, maana najua mnauliza nilisikiaje.

Mimi ni mkalimani. Mikutano ya hotelini hapa Kampala, ile yenye wageni wa Congo, Tanzania na Kenya, sisi ndio tunakaa kwenye kibanda cha kioo nyuma ya ukumbi. Mtu anaongea Kiingereza mbele, wao wanasikia Kiswahili masikioni. Kazi hiyo huwezi kuifanya peke yako, ubongo utaungua. Mnakaa wawili. Nusu saa wewe, nusu saa mwenzako.

Mwenzangu ni Moreen.

Jumanne hiyo ilikuwa saa ya chai. Watu wote wako nje wanapigania sambusa. Mimi nimebaki ukumbini napima hedifoni, nione ipi imekufa betri. Nikaweka moja sikioni.

Moreen yuko ndani ya kibanda, amenipa mgongo, simu mkononi.

Na maiki ameisahau inawaka!

"Ijumaa asubuhi nitaleta karatasi zote," akasema. "Na ile zawadi ya mtoa taarifa bado ni asilimia tano ya kodi, siyo?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Asante, ofisa. Mungu akubariki."

Eti Mungu akubariki!! Mtu anauza kichwa changu kwa asilimia tano halafu anaomba baraka!

Nilivua ile hedifoni. Nilitaka kuingia mle kibandani nimshike nywele. Haki nilitaka.

Lakini sikuingia. Unajua kwa nini?

Kwa sababu alichosema kilikuwa kweli.

Wacha nivue nguo hapa mbele yenu, maana mmezoea kusoma simulizi ambazo anayesimulia ni malaika.

Hapa Uganda hakuna shirika litakulipa bila TIN, ile namba ya mlipa kodi. Mimi ninayo. Moreen hakuwahi kuchukua.

"TIN ya nini, dada?" aliniambia siku za kwanza. "Yangu na yako si moja?"

Basi tukawa tunafanya kazi wawili, bili inaandikwa kwa jina langu. Wanakata asilimia sita ya kodi juu kwa juu, zinazobaki zinaingia kwangu, namtumia Moreen nusu yake kwa simu. Wakalimani wengi tunafanya hivyo. Mmoja ana karatasi, wote wanakula.

Mwaka wa kwanza ulipofika wakati wa kufaili ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, Moreen alikuja kwangu Mbuya akakaa pembeni yangu. Kwenye sehemu ya mapato nikasita.

"Niandike ngapi?"

"Dada, si wameshakata sita yao? Unataka walipwe mara mbili? Andika sifuri!"

Nikaandika sifuri.

Mwaka wa pili sifuri. Wa tatu sifuri. Na kila mwaka tukinywa soda na kucheka!

Sasa kwa nini aniuze leo?

Kuna shirika moja la ukanda huu lilitangaza kazi ya ukalimani. Mkataba wa miaka mitatu. Mshahara kila mwezi, bima ya familia nzima. Mimi niliomba. Moreen naye aliomba. Tuliitwa wote Ijumaa, yeye saa sita mchana, mimi saa nane. Sharti moja kubwa: uje na barua ya ofisi ya kodi kwamba hudaiwi.

Mnaelewa sasa? Ijumaa asubuhi akinipeleka, mchana sina barua. Bila barua, sina kazi. Yeye angechukua TIN mpya siku hiyohiyo, haina deni, akapewa barua yake.

Na mimi kazi ile niliihitaji kama hewa. Nina watoto wawili. Mume wangu Wangila anauza mabeseni na chupa za chai sokoni Kikuubo, na biashara yenyewe mwaka huu imelala chali. Nimechoka kuishi kwa kusubiri simu ya mtu aniite mkutanoni! Nimechoka.

Kengele ya kurudi ukumbini ikalia.

Ikabidi niingie kibandani. Nikae naye. Goti kwa goti!

"Vipi dada, mbona umepauka hivyo?" akaniuliza huku akinifungulia chupa ya maji.

"Chai ilikuwa moto."

"Pole, bambi."

Nikavaa hedifoni nikaanza kutafsiri hotuba ya mtu anayeongelea uaminifu kazini. Wallahi siwadanganyi! Uaminifu! Sauti yangu ilikuwa inapanda na kushuka, mpaka mgeni mmoja wa Congo akageuka kutazama kioo.

Moreen akanipapasa mgongo.

Nyumbani nilimwambia Wangila kila kitu. Alikuna ndevu, akasema, "Kuna jamaa anatengeneza hizo barua. Elfu hamsini tu. Muhuri, saini, kila kitu."

"Barua feki?"

"Mama watoto, unataka kazi au hutaki?"

Nilitaka. Msinihukumu! Jumatano asubuhi nilikuwa nimesimama na Wangila kwenye kachumba fulani nyuma ya maduka, sitasema ni wapi, natazama jina langu linatoka kwenye printa.

Ilikuwa nzuri, jamani. Ilikuwa nzuri kushinda ya kweli!

"Nyabo, mama yangu, tuweke tarehe gani?" jamaa akaniuliza, muhuri uko hewani.

Nikafungua mdomo nijibu. Halafu nikamwona Moreen akilini. Ijumaa ofisi ya kodi itakuwa na karatasi zake zinazosema nadaiwa. Shirika litakuwa na barua yangu inayosema sidaiwi. Mtu akipiga simu moja tu kuuliza... hapo siyo kukosa kazi tena. Hapo ni pingu! Wanangu waambiwe mama yao yuko jela kwa ajili ya karatasi ya elfu hamsini?

"Weka muhuri wako chini," nikamwambia.

"Pesa sirudishi!"

"Kaa nazo."

Wangila akanifuata mpaka barabarani, amekasirika, anasukumwa na wabeba mizigo.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaandika ukweli."

"Ukweli una bei, Loice!"

"Najua. Naenda kuuliza ni ngapi."

Kule Kyambogo kuna Mzee Rajab, Mnubi mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya uhasibu miaka mingi. Siku hizi ana kompyuta moja kwenye duka la fotokopi, anasaidia watu ritani zao. Ni mzee mpole lakini ulimi wake ni wembe.

Nilimpa TIN yangu na neno la siri. Akafungua. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Mwanangu, wewe uliandika sifuri?"

"Ndiyo, mzee. Si walikuwa wanakata sita?"

"Hao waliokukata sita, kila wakikata walipeleka jina lako. Tazama! Semina ya Machi, hii hapa. Mkutano wa Juni, huu hapa. Serikali inajua kila hoteli uliyokula nyama yake."

Nikatazama. Banange! Kila kitu kiko pale. Tarehe, kiasi, jina la aliyelipa. Miaka mitatu yote iko pale inanitazama, na juu yake mimi nimeandika sifuri.

"Na ile sita siyo kodi yote," akaendelea. "Ile ni arbuni tu. Mwisho wa mwaka unatangaza mapato yako yote, unatoa gharama za kazi, wanapiga hesabu, ile sita inatolewa, unamalizia inayobaki. Nani alikwambia imekwisha?"

Nikainamisha kichwa. Ningejibu nini?

Akapiga hesabu. Milioni sitini na sita kwa miaka mitatu. Akatoa nauli na mambo ya kazi. Akatoa ile sita iliyokwisha kukatwa. Akanigeuzia karatasi.

Milioni kumi na nusu.

Nilikaa chini. Siyo kwenye kiti. Chini, sakafuni, pembeni ya mashine ya fotokopi!

"Na faini?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Ukienda kwa miguu yako kabla hawajakuita, unaweza kusamehewa faini. Wakikufuata wao..." akatikisa kichwa. "Hapo hata mimi usinipigie simu."

Milioni kumi na nusu mimi nitoe wapi? Hata tukiuza mabeseni yote ya Wangila na Wangila mwenyewe juu yake hazifiki!

Ndipo mzee akauliza swali lililoniamsha.

"Pesa zote hizi ulikula peke yako?"

"Hapana! Nusu ni ya Moreen. Kila mara nilimtumia nusu."

"Kwa mkono?"

"Kwa simu."

"Basi ondoka hapo chini. Nenda kachukue taarifa ya simu yako, miaka yote mitatu."

Nilirudi na karatasi kumi na moja. Kila malipo yapo, jina la Moreen lipo, na kila mara sehemu ya sababu niliandika "nusu ya ukalimani". Mzee Rajab alipitisha kidole mstari kwa mstari akiguna. Akapiga hesabu upya.

Laki sita na elfu kumi na mbili.

"Mzee, umekosea!"

"Mimi sikosei. Nusu yako ni ndogo, na sita imekatwa kwenye pesa yote kwa jina lako. Unadaiwa laki sita tu."

Nililia pale. Miaka mitatu ya uongo, kumbe kwa laki sita!

"Lakini," akasema, "ili hii nusu itoke kwako, lazima niandike imeenda kwa nani. Jina, simu, namba ya kitambulisho."

Machozi yakakauka.

Nikitaja jina lake namuuza. Nisipolitaja nazama mimi, na kazi kwaheri, na bado kesho kutwa yeye ananiuza! Mngefanyaje nyinyi? Semeni ukweli.

Mimi nilimpigia simu.

"Moreen, niko kwa mtu wa ritani. Nataka kutangaza zile pesa zetu zote. Njoo tufanye pamoja. Uchukue TIN, utangaze nusu yako, na mimi yangu. Tukienda wenyewe wanatusamehe faini."

Nilikuwa namwomba Mungu aseme ndiyo. Hata baada ya yote niliyosikia. Angesema ndiyo ningesahau, haki ya Mungu ningesahau.

Akacheka.

"Nusu yangu ipi, Loice? Mimi sina mapato. Kwenye makaratasi mimi ni maskini wa Mungu. TIN ni yako, msalaba ni wako."

"Moreen, nina watoto."

"Kwani mimi niliwazaa?"

Akakata simu.

Mzee Rajab alikuwa amesikia yote. Alikuwa anafuta miwani, hanitazami.

"Andika, mzee," nikamwambia. "Andika jina lake lote."

Alhamisi Wangila aliuza mabeseni kwa bei ya hasara na hakulalamika hata kidogo. Nikalipa zile laki sita na elfu kumi na mbili. Mzee akatuma ritani mpya za miaka yote mitatu, na barua ya kueleza kwamba nimekuja mwenyewe.

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa ofisi ya kodi na risiti yangu. Ofisa aliyenipokea anaitwa Opoka, mtu mrefu wa kaskazini, Kiswahili chake cha Kampala kabisa.

"Nyabo, wewe nalipa yote?"

"Nimelipa yote, ssebo."

"Kale, sawa. Kaa hapo, barua nakuja."

Nikakaa kwenye benchi. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na nyuma ya mbao kuna meza ya kupokea watu wenye mambo yao ya siri.

Saa nne kasoro, sauti ikatoka nyuma ya mbao. Shida ya sisi wakalimani ni kwamba hatujui kunong'ona. Tumezoea kusikika.

"Nilipiga simu Jumanne. Nimeleta karatasi za Loice Nakhisa."

Moreen!

Opoka alikuwa ameitwa kule. Nikamsikia akifungua faili.

"Wewe najuaje haya mambo, nyabo?"

"Nimefanya naye kazi miaka mitatu. Mikutano yote hiyo nilikuwepo."

"Yote?"

"Yote! Hata hesabu nimeziandika mimi mwenyewe. Tazama, hapa."

"Wewe nafanya kazi ya bure?"

Nikasikia kiti cha Moreen kikikwaruza sakafu.

"Nyabo, nauliza. Wewe alikuwa nalipwa?"

"Mimi... alikuwa ananipa kidogo... ya nauli..."

Karatasi zikafunuliwa moja baada ya nyingine. Mimi huku nimeshika benchi kwa mikono miwili.

"Huyu Loice natuma ritani jana. Natangaza yeye mwenyewe, nalipa yeye mwenyewe. Hapa hakuna kitu ya kutafuta tena. Asilimia tano ya nini sasa?" Opoka hakupandisha sauti hata kidogo. "Lakini iko jina ingine hapa. Jina yako. Milioni thelathini na tatu. TIN yako iko wapi?"

Yule mwanamke aliyeweza kutafsiri mawaziri bila kupumua alikosa neno moja la kusema!

Alipotoka alinikuta pale kwenye benchi. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alijileta mwenyewe, na karatasi zake mwenyewe, zenye mwandiko wake mwenyewe. Baadaye nilisikia hesabu yake ilifika milioni tano na kitu, kwa sababu ile sita iliyokatwa yote ilikuwa kwa jina langu. Hana hata shilingi ya kupunguziwa.

"Loice..." akanishika mkono. "Dada, niambie nifanyeje. Nina intavyuu saa sita. Barua sitapata. Dada, nisaidie!"

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu kumtukana. Nilikuwa na matusi ya Kibukusu yaliyoiva! Lakini nilipomwona amening'ang'ania mkono hivyo yakaniisha mdomoni.

Nikampa namba ya Mzee Rajab.

"Nenda kwake leo," nikasema. "Mwambie ukweli wote."

Nikachukua barua yangu nikaondoka. Sikugeuka nyuma.

Saa nane nilikuwa mbele ya watu watatu. Aliyeongoza ni mama mmoja anaitwa Ayoo, mama wa heshima, hatabasamu ovyo. Akasoma barua yangu, akasoma na ile karatasi ya kutangaza.

"Tarehe ni ya leo," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa na makosa. Nimeyarekebisha wiki hii."

"Kwa nini hukuficha?"

"Nilijaribu, mama. Nilishindwa."

Wakatazamana. Yule wa pembeni alicheka kidogo. Mama Ayoo akafunga faili.

"Sisi tumekuona kazini mara nne. Tumeridhika na wewe. Kazi ni yako."

Yesu wangu!

"Ila niambie kitu kimoja," akaendelea. "Mwenzako yuko wapi? Alikuwa aje saa sita, hakutokea."

"Mwenzangu?"

"Moreen. Kibanda kinataka watu wawili, wewe si unajua? Tuliwaita wote wawili kwa sababu tuliwataka wote wawili. Hii ya leo ilikuwa ya kuangalia makaratasi tu."

Sikusikia alichosema baada ya hapo.

Tulikuwa tumeomba kazi ileile, na sote tulichukulia kwamba kuna kiti kimoja. Hakuna aliyeuliza! Sisi, watu tunaoishi kwa kukaa wawili wawili, hatukuuliza.

"Tutakupa mpaka Jumatatu utuletee mtu mwenye karatasi safi," Mama Ayoo akasema. "Yeye au mwingine."

Nilitoka nikasimama kwenye maegesho, simu mkononi, kidole juu ya jina la Moreen. Jumatatu asingeweza. Milioni tano haziokotwi kwa siku tatu. Lakini ningeweza kurudi kwa Mama Ayoo nikamwombee muda, na pengine angempa. Najua ningeweza.

"Kwani mimi niliwazaa?" Hayo maneno yalikuwa bado yananiwasha.

Nikampigia Akot, binti mmoja mkalimani tunayesali naye. TIN anayo. Anatangaza kila mwaka. Tukaanza kazi mwezi uliofuata na tuko naye mpaka leo.

Basi nyinyi mnaofanya vikazi vya hapa na pale, picha za harusi, keki, tafsiri, kufundisha watoto wa watu jioni: hizo nazo ni mapato, ziandikeni. Ile sita mnayokatwa siyo mwisho, ni mwanzo. TIN yako ni kama mswaki, usimwazime mtu, hata awe alikushikia shela. Na kama umeshakosea, nenda mwenyewe. Deni linalokutisha usingizini pengine ni laki sita tu, na hutajua mpaka ulitazame usoni.

Sasa mnauliza, Moreen je? Nasikia analipa kidogo kidogo. Nasikia pia anawaambia watu kwamba Loice alimnyang'anya kazi, kwamba kulikuwa na nafasi moja na mimi nikamzidi ujanja.

Sikuwahi kumwambia. Sijui ni huruma au ni roho mbaya yangu, chagueni nyinyi. Lakini huu ukurasa wangu wa mtandaoni najua anausoma, maana kila nikiandika naona jina lake kwa walioangalia halafu hasemi kitu.

Moreen, dada yangu. Nafasi zilikuwa mbili.